Mama na mabinti katika riwaya za Ireland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaazima rafiki zangu riwaya za Ireland, na maswali wanayonirudishia pamoja na kitabu yanakaribiana sana. Nimeyaweka hapa karibu kama yalivyoulizwa. Majibu ni yangu, na pale ninapokipenda kitabu kimoja kuliko kingine nitasema.

Ni riwaya za namna gani hasa?

Ni riwaya za nyumbani. Mama ana miaka 70 na kitu, binti ana 40 na kitu. Binti ana maisha yake Dublin, London au New York, halafu jambo linamrudisha kwao: ugonjwa, msiba, ndoa iliyovunjika, sikukuu. Anaingia kwa mlango wa nyuma kama alivyozoea tangu utotoni, anakuta birika limeshachemka, na kabla hajavua koti wameshakwaruzana kwa sababu ya koti lenyewe: jepesi mno kwa baridi hii, limenunuliwa bei gani, lile la mwaka jana limekwenda wapi. Hakuna maiti ya kuchunguzwa wala hazina ya kutafutwa. Kinachokufanya ufungue ukurasa unaofuata ni hamu ya binti ya kumjua mwanamke aliyemzaa, na hofu ya mama ya kujulikana.

Mambo ya mama na binti yapo kila nchi. Kwa nini Ireland?

Kwa sababu kule sheria za nchi zilimweka mama mbali mno na binti wake wa kumzaa, na zilibadilika ndani ya muda mfupi wa ajabu.

Hebu tupige hesabu. Chukua mwanamke aliyezaliwa mwaka 1945, akasoma, akapata ukarani serikalini, akaolewa mwaka 1970. Kwa kuolewa tu, kazi imekwisha. Hadi mwaka 1973 mwanamke aliyeajiriwa na serikali alilazimika kuacha kazi akishafunga ndoa, na waajiri wengine wengi walifuata mtindo huohuo. Sasa yuko nyumbani. Akitaka kupanga uzazi, sheria ya mwaka 1935 imepiga marufuku kuuza wala kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba. Mei 1971 kundi la wanawake lilipanda treni kutoka Dublin hadi Belfast, upande ulio chini ya Uingereza, wakanunua kondomu, wakarudi nazo wakizipunga mbele ya maofisa wa forodha. Vidonge hawakuweza kuvipata bila cheti cha daktari, kwa hiyo walinunua aspirini, wakijua ofisa hataweza kutofautisha kidonge na kidonge. Sheria ililegezwa mwaka 1979, na hapo ulihitaji bado cheti cha daktari hata kwa kondomu. Kwa kondomu, cheti kiliondolewa mwaka 1985. Akipigwa na mumewe je? Talaka ilikatazwa na katiba yenyewe. Iliruhusiwa baada ya kura ya maoni ya Novemba 1995, iliyopita kwa asilimia 50.28. Nusu ya nchi ilisema ndiyo, nusu hapana, na katika nyumba nyingi mama na binti walipiga kura tofauti.

Sasa mchukue binti yake, aliyezaliwa mwaka 1975. Kura ya talaka inamkuta na miaka 20. Anasoma chuo, anaishi na mwanamume kabla ya ndoa, anafanya kazi benki. Mwaka 2015 anapiga kura ya kuruhusu ndoa za jinsia moja, mwaka 2018 kura ya kuondoa marufuku ya kutoa mimba kwenye katiba, na zote mbili zinapita kwa zaidi ya asilimia 60. Kati yake na mama yake kuna miaka 30 tu, lakini wanaongea kama watu waliokulia nchi mbili.

Kwa hiyo binti anapouliza, “Kwa nini hukuondoka?”, mama anabaki kumtazama. Angeondoka aende wapi, na kwa pesa ya nani? Binti anaona mama ni mgumu, au mwoga, au hana hisia. Msomaji anayezijua tarehe hizi anaona kitu kingine: mwanamke aliyefundishwa na nchi nzima kwamba mambo yake hayasemeki. Mimi hivyo ndivyo ninavyozisoma riwaya hizi zote, na ndiyo sababu ninang'ang'ania tarehe.

Katiba ya mwaka 1937 ina kifungu cha 41.2 kinachotaja maisha ya mwanamke ndani ya nyumba kuwa msaada kwa taifa. Tarehe 8 Machi 2024 wananchi waliulizwa kama wabadilishe maneno hayo, na karibu asilimia 74 walikataa. Sababu zilikuwa nyingi. Wapo waliotaka kifungu kiondoke ila waliona maneno mapya hayatoi chochote cha maana kwa wanaowauguza jamaa zao nyumbani. Siku mbili baadaye ilikuwa Siku ya Mama huko Ireland. Kifungu kipo mpaka leo.

Na yale makao ya akina mama waliozaa nje ya ndoa, yanahusikaje?

Yanahusika hata pale yasipotajwa. Humo wanawake wasioolewa walipelekwa kujifungua mbali na macho ya watu, na watoto wao wengi wakatolewa kuasiliwa. Ripoti ya tume iliyotolewa Januari 2021 ilihesabu wanawake wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000 waliopita katika taasisi ilizozichunguza, na watoto wapatao 9,000 walifia humo. Katika mji wa Tuam, Kaunti ya Galway, mwanahistoria Catherine Corless alikusanya vyeti vya vifo vya watoto 796 kutoka katika makao mamoja tu. Nyumba ya mwisho kati ya zile za kufulia nguo zilizoendeshwa na masista, ambamo wanawake walifungiwa na kufanyishwa kazi bila mshahara, ilifungwa mwaka 1996.

Usome riwaya ya familia ya Ireland ukiwa na hayo kichwani. Kuna shangazi asiyetajwa jina. Kuna mwaka ambao mama mdogo “alikwenda kufanya kazi Uingereza” akarudi amekonda. Kuna picha iliyokatwa pembeni kwa mkasi. Mwandishi hahitaji kukueleza. Msomaji wa kwao anajua. Na tangu sheria ya mwaka 2022 iliyowapa watu walioasiliwa haki ya kupata taarifa za kuzaliwa kwao, bahasha zinafika kwenye nyumba ambazo hazikutegemea bahasha.

Nianze na kipi?

Ukiniuliza mimi, anza na The Blackwater Lightship ya Colm Tóibín, ya mwaka 1999. Helen ni mwalimu mkuu Dublin, ana mume na wana wawili wadogo. Mdogo wake Declan anakufa kwa ukimwi, naye ameomba apelekwe nyumba ya bibi yao kando ya bahari, Kaunti ya Wexford. Hapo wanakutana wanawake watatu ambao kwa miaka mingi walikwepana: bibi, mama, Helen. Lily, mama yake Helen, hakualikwa harusini kwa bintiye. Wajukuu wake hajawahi kuwaona. Kosa lenyewe lililoanzisha haya yote ni la zamani: baba alipokuwa mgonjwa hospitalini Dublin, mama alikwenda kumuuguza na kuwaacha watoto kwa bibi miezi kadhaa, bila kuwaambia kinachoendelea, mpaka baba akafa. Mama aliona anawakinga. Mtoto aliona ametupwa. Tóibín haamui kesi hiyo. Anawaweka jikoni, anawapa chai, anasubiri. Na bahari inaendelea kuumega ukingo wa udongo, nyumba hadi nyumba, kama inavyofanya kweli katika pwani ile.

Baada ya hapo nenda kwa Anne Enright. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa kwanza kupewa cheo cha Mwandishi wa Taifa wa Riwaya wa Ireland, kuanzia 2015 hadi 2018, na kwangu hakuna anayemfikia katika jambo hili. Riwaya yake The Green Road ya mwaka 2015 inamhusu Rosaleen Madigan wa Kaunti ya Clare na watoto wake wanne. Mwaka 1980 mwanawe Dan anatangaza kwamba anakwenda kuwa padri. Rosaleen anapanda kitandani, anajifunika, hatoki. Binti mdogo, Hanna, anatumwa mjini kwa mjomba mwenye duka la dawa akamletee mama dawa. Ukiisoma sura hiyo utaelewa namna nyumba nzima inavyoweza kuzunguka mlango mmoja uliofungwa. Miaka 25 baadaye Rosaleen anawaandikia wote kadi za Krismasi kwamba anauza nyumba. Mwaka 2005, kumbuka, ndipo bei za nyumba Ireland zilikuwa zikipaa kila mwezi, kabla ya anguko la 2008. Wote wanarudi.

Katika kitabu hicho nenda taratibu unapomfikia Constance, binti aliyebaki karibu na mama. Anaingia supamaketi kununua vya Krismasi kwa familia nzima, na Enright anatembea naye rafu kwa rafu: bata mzinga, kabichi ndogondogo, samaki, mvinyo, mishumaa, vitambaa vya meza, kitu cha kumpendeza huyu na kitu cha kumnyamazisha yule, anarudi tena kwa sababu amesahau kile. Yuko njiani kurudi nyumbani ndipo anakumbuka kwamba hakununua viazi. Krismasi ya Ireland bila viazi! Anafikiria kusimamisha gari kando ya barabara akachimbe shambani kwa mtu. Huyo ni mwanamke mwenye miaka 40 na zaidi, mwenye watoto wake, na bado kinachomtia hofu ni uso wa mama yake mezani. Kaka zake wameruka dunia, mmoja New York, mmoja Mali. Yeye ndiye anayebeba mifuko.

Cha tatu ni kigumu kidogo, lakini nakipenda: The Light of Evening ya Edna O'Brien, ya mwaka 2006. Dilly, mama mzee, analala hospitalini Dublin akimsubiri binti yake Eleanora, mwandishi anayeishi Uingereza. Zamani Dilly mwenyewe alikuwa binti aliyekimbilia Marekani. Nakupa na kisa cha kweli cha O'Brien ili ukisome vizuri. Riwaya yake ya kwanza, The Country Girls, ilitoka mwaka 1960 ikapigwa marufuku Ireland. Mama yake aliona aibu kubwa. Alipokufa, O'Brien alikikuta kitabu hicho kimefichwa ndani ya foronya, ukurasa uliokuwa na maneno ya kumtunukia mama umechanwa, na maneno yaliyomkera mama yamefutwa kwa wino mweusi. Nimekifikiria sana kitendo hicho. Alikichana, akakifuta, na hakukitupa. O'Brien alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 93, na hata uzeeni aliendelea kuandika juu ya mama huyo.

Mbona kila kitabu mama anaitwa Mammy? Ni jina?

Ni “mama” tu, kwa namna ya kule. Mijini utasikia Ma au Mum, sehemu nyingine Mam, lakini Mammy ndilo neno lililobeba kila kitu: mwanamke anayejua nani kafa, nani kajifungua, nani hakuonekana misani. Mtu mwenye miaka 50 hulitumia bila aibu.

Mammy huyo anapenda kutoa taarifa za vifo. Redio za mikoani Ireland husoma matangazo ya vifo, na ipo tovuti maarufu, rip.ie, ambayo watu huifungua kila asubuhi. Basi binti yuko Sydney, simu inalia, na sentensi ya kwanza ya mama ni kwamba fulani amefariki, “unamjua, yule aliyekuwa na gari la kijani”. Sisi tuliokulia na matangazo ya vifo redioni, baba akinyoosha kidole ili tunyamaze, hatuhitaji maelezo zaidi. Mama anapiga simu kumwambia binti kwamba bado yeye ni wa hapa.

Kwa nini mama hawa hawasemi “nakupenda”?

Wanasema, ila kwa vitu. Kila nyumba ya Ireland ya umri fulani ina hita ya maji ya umeme yenye swichi ya kuchagua sinki au bafu, na mama aliyelea watoto kwa mshahara mmoja anaiogopa bili yake kuliko radi. Ukisoma binti amefika usiku, mama akamwambia maji ya kuoga yapo, amewasha hita upande wa bafu tangu saa kumi na moja jioni, ujue umesoma tamko la mapenzi.

Na chai. Mgeni hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, hukubali ya tatu. Mama akimimina bila kuuliza, binti ni wa nyumbani. Akianza kumuuliza binti yake wa kumzaa kama atakunywa chai, kuna jambo limeharibika. Waandishi wa kule wanaweza kukuonyesha ugomvi wa miaka kumi kwa birika peke yake.

Kiingereza chao kinanitatiza. Nifanyeje?

Kisome kwa sauti. Watu wa Ireland walizungumza Kigaeli kwa karne nyingi, na Kiingereza chao kimejengwa juu ya mifupa ya lugha hiyo. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa kuliko anavyodhani. Kiingereza cha shule kina neno moja kwa “wewe” na “ninyi”. Wao waliona haitoshi, wakawa na “ye” au “yous” kwa wengi, kama sisi. Mama anaposema “ye” huku amemtazama binti mmoja tu, anawasema wote, hata waliopo Canada.

Kigaeli hakina neno moja la “ndiyo” wala “hapana”, unajibu kwa kurudia kitenzi, kama tunavyojibu “Umekula?” kwa “Nimekula”. Utaona wahusika wengi wakijibu hivyo hata kwa Kiingereza. Halafu kuna neno “grand”. Kwa Mwingereza linamaanisha kitu kikubwa, cha fahari. Kwa mama wa Ireland ni “sijambo” yetu: mgonjwa wa kulazwa, ukimwuliza hujambo, atakujibu sijambo. Mama anasema yuko “grand” siku anapopewa majibu ya kipimo, na binti anatakiwa asikie yaliyo chini yake.

Baba wako wapi?

Wengi wameshakufa riwaya inapoanza, au wako shambani, au wako baa. Baba akiwepo, mara nyingi ndiye mpole kuliko wote, na hilo lina sababu: hakupewa kazi ya kukataza. Aliyeachiwa kuwaambia wasichana nini hakifai, sketi ipi ni fupi, saa ngapi ni usiku, alikuwa mama. Kanisa lilisema, na mama ndiye aliyetekeleza.

Ni vitabu vya wanawake tu?

Hapana. Tóibín nimeshamtaja. Donal Ryan, wa Kaunti ya Tipperary, aliandika The Queen of Dirt Island mwaka 2022, riwaya ya sura fupifupi kuhusu vizazi vinne vya wanawake katika nyumba moja. Eileen anafiwa na mume mara tu mtoto wao anapozaliwa, na anayebaki naye siku zote ni mavyaa wake. Wale wawili wanatukanana asubuhi hadi jioni na hakuna wa kuwatenganisha. Nilicheka, halafu nikalia palepale.

Roddy Doyle naye. Kwa karibu miaka 30 amemfuata mwanamke mmoja wa Dublin, Paula Spencer, aliyepigwa na mumewe na akazama katika pombe, kuanzia riwaya ya mwaka 1996. Katika The Women Behind the Door ya mwaka 2024 Paula ana miaka 66, ameacha pombe, amepata chanjo ya korona, ana marafiki, ana amani. Ndipo binti yake mkubwa, Nicola, anabisha hodi. Nicola ndiye aliyekuwa mama wa nyumba ile wakati mama alikuwa amelewa. Ndiye mtoto aliyeona na kujua yote. Ameacha mume na mabinti zake mwenyewe, na anataka mama yake asikilize. Safari hii ni mama anayetakiwa kuulizwa na kuvumilia, na Doyle hamruhusu ajitetee haraka. Sijasoma kitabu kingine kinachoonyesha vizuri hivi deni ambalo mama aliyepona anabaki nalo kwa mtoto wake.

Vyote vinahuzunisha?

Marian Keyes atakuchekesha mpaka uweke kitabu chini. Familia yake ya Walsh ilianza na Watermelon mwaka 1995: Claire anaachwa na mumewe siku anayojifungua, anarudi Dublin kwa wazazi na kichanga mkononi. Wako mabinti watano, na Mammy Walsh haingii jikoni kupika, ana maoni juu ya kila kitu, na binti zake wanamwogopa na kumtegemea kwa kiasi kilekile. Wapo wanaoviita vitabu vya kupitishia muda. Nakataa. Rachel's Holiday ya mwaka 1997 ni kitabu cha kweli kabisa kuhusu uraibu, na Keyes, ambaye mwenyewe aliacha pombe mwaka 1994, anaandika kama mtu aliyefika huko.

Ukitaka kitu chepesi zaidi, tafuta riwaya za Aisling za Emer McLysaght na Sarah Breen. Aisling anafanya kazi Dublin, na mwanzoni bado anaishi kwa wazazi wake kijijini, anakwenda kazini na kurudi.

Vipi tamthilia?

Moja tu nitaitaja, na usiisome usiku. The Beauty Queen of Leenane ya Martin McDonagh ilionyeshwa kwanza Galway mwaka 1996. Mag ana miaka 70, Maureen ana 40, wanaishi wawili mlimani kaskazini mwa Connemara. Maureen ndiye binti aliyebaki. Dada zake wameolewa, wameondoka. Mama anadai kinywaji chake cha unga wa maziwa kikorogwe kisiwe na mabonge, na binti anamkorogea kwa makusudi kikiwa na mabonge. Inaanzia hapo, kwenye mabonge, na inafika mahali ambapo hutaki kufika. Ilipohamia New York, Garry Hynes aliyeiongoza akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Tony ya uongozaji wa tamthilia, mwaka 1998.

Kizazi cha sasa je? Binti wa leo bado ana ugomvi huo?

Ugomvi umebadilika sura. Katika The Wren, The Wren ya mwaka 2023, Enright anampa Carmel binti aitwaye Nell. Carmel aliamua kuzaa bila mume, jambo ambalo mama yake asingethubutu. Hakuna siri, hakuna padri, hakuna aibu. Hata hivyo Nell anahama, anajifungia na mwanamume anayemuumiza, na hamwambii mama. Nilipofika hapo nilishtuka, maana kwa miaka yote nilidhani siri inatokana na sheria na Kanisa peke yake. Kumbe binti naye anamkinga mama yake asijue. Juu yao kuna babu, mshairi anayesifiwa nchi nzima kwa mashairi ya mapenzi, aliyemwacha mkewe akiwa mgonjwa wa saratani ya titi. Mashairi yake yamewekwa katikati ya sura, ni mazuri, na hilo ndilo linaloudhi.

Kuna uhusiano wowote na sisi huku?

Upo mmoja ambao wengi wameupitia bila kuufikiria. Masista wa Loreto, shirika ambalo tawi lake la Ireland lilianzia Rathfarnham, Dublin, walifika Kenya mwaka 1921. Wamefundisha vizazi vya wasichana Msongari, Limuru na kwingineko; Wangari Maathai alimaliza sekondari Loreto Limuru mwaka 1959. Sisi tuliwaona watu wazima wenye rula na rozari. Nao pia walikuwa mabinti wa mama fulani wa Kerry au Mayo, walioaga bandarini wakiwa na miaka 20 na kitu, na enzi hizo kwenda misheni kulimaanisha miaka mingi bila kurudi kwao, hata kuzika. Natamani sana kusoma riwaya ya mama aliyebaki na barua zenye stempu ya Kenya kwenye kopo la biskuti.

Naweza kumsomea mama yangu?

Mimi nilifanya hivyo, kwa kumsimulia. Mama hasomi Kiingereza, basi nikamwelezea The Blackwater Lightship kwa Kiswahili, jioni tatu mfululizo, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Ukimwi wa Declan haukumshangaza, tumezika wengi. Bibi wa kando ya bahari alimpenda mara moja. Ila nilipofika pale kwamba Lily hajawahi kuwaona wajukuu zake, mkono ulisimama juu ya ungo.

“Wako wangapi?”

“Wawili, mama. Wavulana.”

“Wanaitwa nani?”

Nikamwambia: Cathal na Manus. Akarudia la pili, polepole, Manus, mara mbili, kama mtu anayejaribu kulizoea. Halafu akainamia mchele wake, na baada ya kitambo akaniambia kesho nije mapema, kabla hajaanza kupika.